Deki Niliyoitaja kwa Zamu Yangu

Nilisema deki. Nilisema kwa sauti, sebuleni kwa Judy, mbele ya wanawake kumi na mmoja wenye vikombe vya chai mikononi, na najua hakuna hata mmoja wao mwenye shida ya masikio.

"Deki gani?" Judy akauliza.

"Ya kuangalia sinema. Ile inasoma diski za 4K."

Wakacheka. Alianza Judy, maana ndiye mwenyekiti wetu na akicheka yeye wengine hufuata. Ana duka la dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga, na kuamuru wafugaji kutwa nzima kumemzoesha vibaya. "Mama Caro, kwani tuko mwaka gani? Hata watoto wangu hawajui CD ni kitu gani." Wakacheka tena. Niliweka kikombe mezani kwa kishindo.

Chama chetu kina sheria moja tu ya maana. Kila mwezi mmoja wetu ana zamu. Mwenye zamu hutaja kitu kimoja cha nyumbani, mradi bei isipite kiwango tulichokubaliana, na sisi wengine tunachanga, tunakinunua na kumpelekea kwa nyimbo. Anataja yeye, tunanunua sisi. Sheria hiyo niliiandika kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe miaka tisa iliyopita, kwa kuwa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi za serikali kule Kajiado na wenzangu walisema mwandiko wangu unasomeka. Kwa miaka tisa nimechanga bila kuguna. Munyiva alitaja sufuria kubwa za kupikia harusi ambazo hadi leo hazijaona moto. Nzula alitaja zulia. Judy alitaja kabati la vioo la kuwekea vyombo, na vyombo vyenyewe haruhusu mtu kuvigusa. Sikumuuliza mtu kitu. Zamu zangu mimi zimekwenda kwa tangi la maji, meko ya gesi, na viti vya plastiki vya kukalisha wageni ambao siku hizi hawaji. Mwaka huu nilitaka kitu cha kunifurahisha mimi.

Napenda sinema, basi. Sina maelezo mengine, na sioni kwa nini niwe nayo. Nilianza kuzipenda tangu gari la sinema lilipokuwa likija uwanja wa shule yetu na kutandika shuka jeupe ukutani. Mwaka juzi nilisafiri kwenda Uingereza kumsaidia binti yangu Caroline kulea mtoto mchanga. Mchana mmoja mtoto amelala, mkwe wangu akaweka diski kwenye deki yake nyeusi, na nikaona mvua ikinyesha juu ya koti la sufu. Niliona tone moja moja. Kila tone lilikaa kidogo juu ya vinyweleo vya sufu kabla ya kuzama, na nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimesahau maziwa ya mtoto jikoni. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuona hivyo akiwa ameketi nyumbani kwake. Nilirudi Kitengela na diski kumi na moja kwenye begi, nimezifunga ndani ya sweta.

Televisheni kubwa Caroline alikuwa ameshaninunulia. Deki ilibaki, na sikutaka kumwomba tena mtoto mwenye watoto wake wakati zamu yangu ilikuwa njiani. Na msiniambie habari ya intaneti. Intaneti ya mtaa wetu ikifika saa kumi jioni, watoto wote wakisharudi shule, picha inageuka uji. Unaona mdomo wa mtu unasogea na uso wake haupo.

Kabla ya kutaja kitu hicho kwenye chama nilikuwa nimefanya kazi yangu. Niliingia maduka manne ya vitu vya ex-UK hapa Kitengela, yale yanayouza vyombo vilivyotumika kule Uingereza. Nilibeba diski yangu moja kwenye mkoba. Kila kijana aliniita mum, na kila mmoja alinionyesha kartoni. "Mum, ona, imeandikwa 4K hapa. Hii ni moto." Naweka diski, deki inaguna kidogo, inaitema. Duka la tatu kijana akaitazama diski yangu juani, akaniambia kwa huruma, "Mum, hii CD yako imeharibika." Diski niliyoifunga kwa sweta! Iliyotoka kwenye karatasi yake siku hiyo hiyo! Nilimwambia kilichoharibika ni adabu yake, nikatoka.

Ndipo nikapanda basi hadi Kajiado kumwona Mwanzia, fundi aliyekuwa akitengeneza mashine zetu za ofisini. Ni Mkamba wa Kibwezi lakini amekaa Kajiado miaka mingi hivi kwamba hasalimii mtu ila kwa Kimaasai.

"Sopa, Mama Caro!"

"Ipa. Mwanzia, nimedanganywa mpaka nimechoka."

Akanikalisha kwenye stuli, akanieleza bila kuniona mjinga. "Hao hawakudanganyi sana, ni kwamba hawajui. Kuna deki ya kutoa 4K na kuna ya kusoma 4K. Ile ya kutoa inachukua picha ya DVD ya kawaida inaivuta ikae kubwa. Ni kama kuongeza supu maji. Wewe unataka ya kusoma. Usiangalie kartoni, angalia hapa mdomoni mwa deki. Kama hakuna alama ya Ultra HD Blu-ray, achana nayo."

Alikuwa na mbili zenye alama hiyo. Moja ilikuwa mpya, nyepesi, inafungua haraka. Ya pili ilikuwa ya ex-UK, nzito, imechunika pembeni, na rimoti yake ni ya kubahatisha. Tuliketi mbele ya televisheni yake saa mbili nzima. Ile mpya ilisoma diski vizuri lakini ilikuwa ikivuma ndani, na mahali pa kimya katika sinema nilisikia feni yake tu. Ile nzito ilichukua muda kuwaka, halafu ikanyamaza kabisa. Nilimuuliza kuhusu diski zangu za ng'ambo, akasema diski za 4K hazibagui nchi kama zile za DVD. Nilimuuliza kuhusu waya, akanionyesha unaofaa na usiofaa. Nikachagua ile nzito. Bei ilikuwa chini ya kiwango cha chama. Mwanzia akaandika jina langu kwenye karatasi akaibandika juu yake, na nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikumbuki mara ya mwisho niliipata kwa sababu ya kitu cha chama.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyojisikia wakicheka.

Kicheko kiliisha, mashauri yakahamia WhatsApp. Asubuhi ya pili nilikuta wamenitajia vitu saba. Mashine ya kuoshea nguo. Chombo cha kukaangia bila mafuta. Blanketi zito, kwa sababu Julai inakuja. Niliandika: Nimetaja deki. Mmoja akajibu: Tunakufikiria wewe tu, Mama Caro. Niliandika tena: Nimetaja deki. Ndipo Judy akaandika maneno ambayo sitayasahau, akayapamba na viganja viwili vya maombi mwishoni. Aliandika: Wapendwa, tukumbuke Mama Caro ni mjane na anakaa peke yake. Deki ataangalia na nani? Tumsaidie achague kitu cha maana.

Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, na uso ukaniwaka kama nimepigwa kofi. Mume wangu Githongo alifariki miaka minne iliyopita. Nilimlilia, Mungu ni shahidi, na bado kuna siku namlilia. Lakini nani aliwaambia kwamba macho yangu yalizikwa naye? Na Githongo mwenyewe, kama mnataka kujua, alikuwa akilala kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Miaka thelathini ya ndoa nimeangalia sinema peke yangu na mume wangu akikoroma kando yangu.

Nilizima simu siku mbili. Nilipoiwasha, kikundi kilikuwa kimegeuka. Nyuso zinazolia zilikuwa zimejaa kutoka juu mpaka chini. Pole sana Mama Caro, hatukujua. Mungu akupe nguvu. Judy alikuwa ameandika: Deki itanunuliwa, na hakuna mjadala. Nilisoma mara mbili, sikuelewa walichokuwa hawakujua. Nikavaa kandambili nikaenda kwa Munyiva, ambaye ni jirani yangu, mweka hazina wetu na rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Nilimkuta nje anachagua ndengu kwenye sinia.

"Munyiva, umewaambia nini hawa watu?"

Hakuinua macho. "Kwani wamekubali?"

"Umewaambia nini?"

"Nimesema ile video ya mazishi ya Baba Caro iko kwa hizo diski za 4K. Nikasema hujawahi kuiona kwa sababu hakuna deki inaisoma. Ati unaishika tu, unalia."

"Video ya mazishi iko kwa CD ya kawaida! Hata deki ya kanisa inaisoma!"

"Sasa wao watajuaje?"

"Na sijawahi kuiangalia kwa sababu sitaki kuiangalia, Munyiva. Nilikuwa pale."

"Najua ulikuwa pale, nilikuwa nimekushika mkono." Akaweka sinia chini. "Mama Caro, wewe unataka deki ama unataka kushinda kesi? Niliona wanakununulia blanketi. Nimekupatia deki. Chukua, unyamaze."

Hapa ndipo nilipokosea, na sitajificha. Nilimkaripia, nikamwambia amempeleka marehemu mume wangu sokoni kama mbuzi, nikarudi nyumbani nikibamiza geti. Lakini kwenye kikundi sikuandika kitu. Nilisema nitaandika kesho. Kesho ilipofika nilifikiria ile deki nzito iliyonyamaza na jina langu lililobandikwa juu yake, nikasema nitaandika Jumatatu. Zilipita wiki tatu. Kila aliyekutana nami alinishika mkono kwa mikono miwili, na kila aliposhika nilizidi kukasirika, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Walikuja Jumamosi alasiri. Nilisikia nyimbo tangu kwenye kona ya barabara. Kartoni ilikuwa mbele, imefunikwa leso mpya, imebebwa na Judy na Nzula wakicheza taratibu, na Mwanzia nyuma yao na kijisanduku chake cha vyombo vya kazi. Alikuwa ametoka Kajiado kuja kuniunganishia mwenyewe. Nilikuwa nimepika chapati na njahi. Walikula, waliomba, walifunua leso kwa vigelegele, na Mwanzia akachomeka plagi na kufunga ule waya unaofaa. Taa ndogo ikawaka mdomoni mwa deki. Diski yangu ilikuwa mezani. Hata nilikuwa nimefuta vumbi kwenye televisheni kwa kitambaa cha miwani.

Judy akasimama. Nzula alikuwa ameshatoa kitambaa chake cha mkononi, na wengine walikuwa na karatasi laini, pakiti nzima, wakipitishiana kwenye sofa.

"Sasa, mama," Judy akasema, kwa sauti ile ya kanisani. "Leta ile video ya Baba Caro. Tumekuja kulia na wewe. Leo hutalia peke yako."

Nilimwangalia Munyiva. Alikuwa anatazama mapaja yake. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na deki nayo ilikuwa kimya, kimya kile kile nilichokichagua. Nilijua nikifungua mdomo itaondoka. Niliitaka mashine ile. Naomba jambo hilo lieleweke, kwamba niliitaka, na kwamba sikuwa na ushujaa wowote.

"Hakuna video ya 4K," nikasema. "Video ya mazishi iko kwa CD ya kawaida, na sijawahi kuhitaji deki ya kuiangalia. Mlisikia vibaya, na mimi nilijua mmesikia vibaya nikanyamaza. Naomba msamaha kwa hilo."

"Sasa deki ni ya nini?" Nzula akauliza, kitambaa kikiwa nusu ya njia kuelekea machoni.

"Ya sinema. Nilisema siku ya kwanza."

Hapo kila mtu akaanza kusema. Mmoja alisema tumechezewa. Mwingine alisema yeye alilia kweli, nyumbani kwake, hadi mumewe akamuuliza kuna nini. Judy akainua mkono wakanyamaza, na alipogeuka kwangu hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama Caro, sikiza. Hiyo CD ya kawaida si uko nayo?"

"Iko kwenye droo."

Macho yote ya wanawake waliokuwa sofani yakageukia droo.

"Basi weka hiyo. Hii deki inasoma pia ya kawaida. Fundi, si inasoma?"

Mwanzia akajikuna shingo. "Inasoma."

"Weka hata dakika tano. Watu walichanga wakijua ni ya Baba Caro. Tukiiona, roho zitatulia, deki inabaki yako, na hakuna mtu atakuuliza kitu tena. Unaona? Hakuna shida."

Akatabasamu. Aliamini kabisa kwamba alikuwa akinisaidia, na nadhani hilo ndilo lililonimaliza.

"Judy," nikasema, "nilipotaja tangi la maji, kuna mtu aliniuliza nitaoga na nani? Nilipotaja gesi, niliulizwa nampikia nani? Wewe uliponunuliwa kabati, uliangusha chozi gani ndipo upewe? Sheria inasema mwenye zamu hutaja. Niliiandika mimi. Haikusema alie kwanza. Nikisema nataka kufurahi, mnaniletea blanketi. Ikisemekana nalia, mnaleta deki na nyimbo na leso mpya. Na sasa mnataka niwawekee jeneza la mume wangu hapa, kwa picha kubwa, mpate kulia, ndiyo niwe nimelipia deki!"

"Hakuna mtu amesema ulipie..."

"Umesema. Umesema dakika tano."

Nilizunguka meza nikachomoa plagi. Taa ndogo ikazimika. Mwanzia aliinama karibu yangu akaniuliza chinichini, "Mama, una hakika?" Nikamwambia anishikie upande ule mwingine. Tuliirudisha kwenye kartoni, na rimoti, na waya, na vile vipande vyeupe vya kuzuia isigongwe. Nikaiinua mwenyewe nikaiweka mikononi mwa Judy. Ilikuwa nzito kuliko alivyotegemea akayumba kidogo.

"Nunueni blanketi," nikasema. "Mpelekeeni mtu anayesikia baridi."

Waliondoka bila wimbo. Kutoka dirishani nilimwona Judy amesimama getini na kartoni kifuani, akitazama huku na huku kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyejua ni wa nani, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumpokea. Mwishowe Mwanzia akaibeba.

Munyiva hakuondoka. Alikusanya sahani akaenda jikoni, nikasikia maji. Nilikaa mbele ya televisheni iliyozimwa kwa muda, kisha nikamfuata, kwa kuwa sikuwa na hakika kama nilitaka kumfukuza au kumkumbatia. Alikuwa akiosha huku machozi yakimtoka.

"Ungewawekea tu," akasema. "Dakika tano, Mama Caro. Ungefunga macho."

"Dakika tano za nani?"

Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa vikombe. Tulifanya kazi hivyo mpaka akafikia sahani ya mwisho. Ile diski niliyokuwa nimeitayarisha nilikuwa nimeiokota mezani nilipoinuka, nikaibana chini ya kwapa bila kujua, na akaiona.

"Na hiyo," akasema, "ni hadithi ya nini?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Wiki sita. Wanawake kumi na mmoja, meseji zisizohesabika, maduka manne. Walikuwa wameniuliza ni ya nini, ni ya nani, nitaangalia na nani, tuko mwaka gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza sinema yenyewe ni gani. Hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba ndilo swali la kawaida la kumuuliza mtu anayependa sinema. Hasira yangu haikuisha, na hadi leo haijaisha, lakini niliketi kwenye stuli ya jikoni.

"Kuna mwanamke ana duka la kofia," nikamwambia. "Mji wa baridi. Siku moja saa nne asubuhi, duka limejaa wateja, anavua aproni, anatoka, anaacha mlango wazi. Anaenda stesheni kupanda treni."

"Ameitwa? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Ni bwanake? Amepata simu ya bwanake?"

"Hana bwana. Hakuna mtu amekufa, Munyiva. Anataka tu kupanda treni."

Sahani ilikuwa ikimdondokea Munyiva maji miguuni. Kisha akaiweka kando, akajipangusa mikono kwenye leso yake, akavuta kiti.

"Haya," akasema. "Amepanda. Halafu?"